Shapu Mbili Nilizozifuta

Mwanangu Nyemo,

Naandika kwa mkono ingawa kompyuta iko hapa mbele yangu na umeme leo upo, bahati ambayo kwa mgao wa siku hizi si ya kuchezewa. Nimeizima makusudi. Mashine ile hunishawishi nirekebishe, na barua hii nikianza kuirekebisha haitabaki kitu isipokuwa salamu, tena zimepangwa vizuri katikati ya ukurasa.

Ni saa kumi jioni, nawe umekwenda kuaga rafiki zako. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Dar kuanza uhasibu. Mambo ya safari sitayagusa, maana baba yako ameshayaandika kwenye karatasi yake, kurasa mbili, na ukurasa mmoja na nusu unahusu begi. Usiliweke juu ya basi, usiliweke chini, usimpe mtu akushikie. Sijui anataka uliweke wapi. Amekuwa dereva wa serikali miaka mingi, amezoea mizigo ya wakubwa, umvumilie.

Mimi nina jambo moja tu, nimelibeba miezi minane. Linahusu wimbo wako, ule wa uzinduzi wa kanisa. Najua ukisoma hapa utataka kuikunja barua. Usiikunje. Soma kwa hasira ukipenda, mradi ufike mwisho.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa namna gani, maana mtoto humjua mama yake kwa upande wa jikoni tu. Nilipiga taipu katika ofisi ya serikali miaka kumi na minne, mpaka walipokuja na ile orodha yao ya kupunguza watu. Lakini sikuwa mpiga taipu tu, nilikuwa ugonjwa wa ofisi. Nilisahihisha kila kilichopita mbele yangu. Bosi akiandika sentensi mbovu, mimi naichapa ikiwa nzuri, naye akiisoma anajisifu. Nakala zangu zilifanana kama mapacha. Siku moja nikapewa orodha ya wageni wa dhifa, nikaona jina moja limeandikwa mara mbili. Nikafuta moja, nikajiona nimeiokoa ofisi na aibu. Kumbe walikuwa watu wawili, mjomba na mpwa wake, wote wamerithi jina la mzee mmoja wa ukoo. Mpwa aliwahi kufika, akaingia, akala pilau. Mjomba, ambaye ndiye mgeni hasa, alisimama getini na tai yake shingoni mpaka hotuba zikaisha. Nikaitwa kuulizwa nani kafuta. Nikasema orodha ililetwa hivyohivyo.

Hapo ungetegemea nikuambie kwamba nilijifunza. Sikujifunza. Nilichoona ni kwamba mtu akinyamaza vizuri, mambo hupita, na nikaendelea na maisha yangu kwa elimu hiyo.

Besi nayo, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, niliipata kwa mdomo wangu huuhuu. Aliyekuwa akiipiga alihamishwa kikazi, na Mzee Chilongani, kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya kanisa, akawa anatafuta mtu mwenye kifua cha kulipulizia lile dude. Alimtazama baba yako akamwona mwembamba. Kisha akanisikia mimi nakugombeza wewe kutoka upande wa pili wa uwanja wa kanisa, akasema, "Pumzi ndiyo ile." Wewe ulikuwa na miaka minne na ulikuwa umemwaga mafuta ya taa. Kwa hiyo ukiulizwa nani aliniingiza kwenye muziki, ni wewe.

Sasa, katika bendi yetu hakuna aliyewahi kufundishwa kupiga kwa sauti ndogo. Watu walituita ili tusikike. Nakumbuka harusi ya binti wa mfanyabiashara wa mahindi pale Kibaigwa, nyumba imepakana na soko. Mwenye shughuli alitupa sharti moja tu: bibi harusi asikie tarumbeta, asisikie malori. Tukapiga. Madereva wakadhani tunawachokoza, wakajibu kwa honi. Nasi tukaongeza. Mzee Chilongani alivuta tromboni mpaka kofia ikamtoka, dalali mmoja akaacha kupima magunia akakimbia akifikiri kuna moto. Tulirudi Dodoma midomo imevimba, tukajiona mashujaa. Ndiyo maana ulipotuletea karatasi zako zenye alama za "hapa polepole, hapa polepole zaidi", yaani tushushe sauti, sote tuliona ni mapambo. Mzee Chilongani alisema zinapendezesha ukurasa.

Tuje kwenye kompyuta. Nilipopunguzwa kazini nikafungua kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, nikanunua mashine hii iliyokwishatumika, ikaja kutoka Dar imefungwa blanketi kama mgonjwa. Enzi hizo kila kitu kilikuwa kinaingia nchini na kila mtu alikuwa anafungua kitu. Kisha yule mwalimu wa kujitolea wa shuleni kwenu, kabla hajarudi kwao, akakuachia diski nne zenye programu ya kuandika nota. Mimi nilidhani ni mchezo wa watoto wa kupanga vidoti. Baada ya mwezi mashine ikawa inaimba ulichoandika, kwa sauti ya nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, na wateja walikuwa wakisimama kusikiliza mpaka wanasahau vyeti vyao ndani ya fotokopi. Nilijivuna sana, ingawa mbele yako nilikuwa nasema unamaliza wino.

Mimi na wenzangu tumekulia kwenye solfa. Do ni do. Ukiniambia do iko wapi, nitakuimbia wimbo mzima nikiwa nachambua mchicha. Nota za mistari nilijifunza ukubwani, nikajua zangu za besi na nikaona zinatosha. Na hapo ndipo penye kisa.

Siku uliyowaeleza wanabendi barazani kwetu, mimi sikuwepo kwenye mazungumzo, nilikuwa uani nageuza maandazi. Mzee Chilongani amenisimulia wiki hii, nami nayaandika kama alivyosema. Alikuuliza, "Binti, mbona kwaya na tromboni umetupa ngazi moja, hawa wa tarumbeta umewapa nyingine? Hatutagombana?"

Ukamjibu, "Babu, tarumbeta zetu zimetengenezwa chini kwa hatua moja. Mpigaji akisoma C, inayotoka ni B flati. Kwa hiyo namwandikia juu hatua moja, ili itoke C kama ya kwaya."

"Yaani unamwandikia uongo ili atoe ukweli?"

"Ndivyo, Babu."

"Na besi ya mama yako?"

"Besi na tromboni zinaandikwa kama zinavyosikika."

"Nani kaamua hivyo?"

"Sijui, Babu. Walioamua hawakutuuliza."

Wakacheka wote. Kicheko nilikisikia, nikafikiri mnanicheka maandazi yamechelewa, nikanuna huko huko uani. Ningetoka tu nikauliza mnacheka nini, leo ningekuwa nakuandikia habari za begi kama baba yako.

Alhamisi kabla ya uzinduzi ulikwenda mtaa wa Kikuyu kufanya mazoezi na kwaya, ukaniachia kazi ya kuchapa nakala safi. Nikazipanga karatasi zako mezani, moja kando ya nyingine, kama nilivyofanya ofisini miaka yote ile. Kwaya, safi. Tromboni, safi. Besi yangu, safi. Tarumbeta, mwanzoni mwa kila mstari, shapu mbili, vile vijidirisha vyenye nondo. Nikajisemea, maskini mtoto, kazi nyingi, macho yamechoka. Nilikuwa nimeshakuona mara nyingi ukibadilisha ngazi kwa kipanya. Nikaziondoa zile shapu. Mashine ikaniuliza kwa Kiingereza kama nataka na nota nazo zishuke. Nikabofya ndiyo. Zikashuka zote hatua moja, kwa utii, kama askari. Nikahifadhi juu ya faili lako, nikachapa nakala sita, nikazilinganisha na za kwaya, zikafanana. Sikukuambia kwa sababu sikutaka ujisikie vibaya.

Ndiyo, Nyemo. Ni mimi. Hukukosea hata nukta moja.

Kama Mungu angetaka kuniumbua mapema, mazoezi ya pamoja ya Jumamosi yangefanyika. Lakini mafundi walikuwa bado wanapaka rangi, wakatufukuza. Vijana sita wa tarumbeta wakafanya mazoezi peke yao, wakasikika vizuri kabisa, maana wote walikuwa wamekosewa sawasawa.

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa, Askofu mbele, na kando yake yule mwalimu wa chuo cha muziki ambaye Mchungaji alimwalika aje akusikie wewe. Nafasi yako chuoni ilikuwa mkononi mwake, na sote tulijua. Kwaya ikaimba ubeti wa kwanza, watu wakaanza kujipepea taratibu kwa raha. Kisha tarumbeta zikaingia.

Sina namna ya kuieleza sauti ile. Baba yako aliniambia baadaye kwamba yeye alidhani muziki wa kisasa ndivyo ulivyo. Mimi na besi yangu tulikuwa sawa na kwaya, kwa hiyo nikaona vijana wamepotea kwa woga, wanahitaji kuongozwa. Nikaongeza pumzi. Wao wakanisikia, wakaona mama kapotea, anahitaji kuongozwa. Wakaongeza. Mzee Chilongani akawa upande wangu na tromboni yake. Sauti ya kwanza walio karibu na tarumbeta wakavutwa chini, wanaume walio karibu nami wakabaki juu, sauti ya pili wakafunga vitabu. Elia wa kinanda akatafuta kitufe cha kuteremsha ngazi akabonyeza cha ngoma, rumba ikaanza na ikagoma kuzimika. Kuta zilitetemeka. Kina bibi wakapiga vigelegele kwa sababu tangu wazaliwe hakuna aliyewahi kusikia kishindo kama kile, na Askofu, mtu mwema sana, akawa anagonga kidole kufuata rumba.

Wewe ulikuwa umesimama mbele yetu, mikono hewani, unapunga tushuke, tushuke. Tukafikiri unatuhimiza.

Ninacheka ninapoandika hapa, nisamehe, nimecheka peke yangu mara nyingi. Lakini sicheki nikifika pale nje. Mwalimu aliokota karatasi moja ya tarumbeta, akaitazama, akasema kwa upole, "Binti, tarumbeta hukuzihamisha ngazi. Hilo ndilo jambo la kwanza kabisa. Kajifunze, uje tena baada ya miaka miwili, mitatu." Ukaichukua, ukaisoma juu mpaka chini. Ukasema, "Ni kweli, mwalimu. Labda nimehifadhi vibaya. Nimekosea, naomba radhi."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, besi bado imeninig'inia begani. Nilielewa papo hapo. Nikafungua mdomo niseme. Unajua kilichotoka. "Usilie, mwanangu. Mama nimekusamehe."

Mbele ya watu wote. Kina mama wa kanisa wakaniambia nina moyo. Nikakununulia soda.

Usiku ule uliwasha kompyuta ukalikuta faili bila shapu, ukaamini kabisa kwamba ni mkono wako. Wiki iliyofuata ukaifuta programu yote na kuvunja zile diski. Kisha ukaniletea fomu ya chuo cha uhasibu nikuchapie, ukasema, "Mama, hesabu ukikosea unakosea kwenye karatasi, husimami mbele za watu." Nikaichapa. Bila kosa hata moja.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana, na majibu ya kwanza yalikuwa ya kujipendelea: watu walikuwa wengi, wakati ulipita, ungeumia zaidi. Uongo. La kwanza lilikuwa kiburi. Tangu walipofuta jina langu kwenye ile orodha ya kazi, kitu nilichobaki nacho ni kwamba mimi sikosei kuchapa. Na la pili linanitia aibu zaidi. Nilifurahi kidogo. Nilishaonja kukaa nyumbani bila kazi, nikauogopa muziki kwa niaba yako, nikawaza, angalau sasa atasoma kitu cha kuajiriwa. Kosa langu likawa limenifanyia kazi ambayo sikuwa na ujasiri wa kuifanya kwa mdomo wangu. Nilikuacha ulie kwa sababu machozi yako yalikuwa yanaelekea nilikotaka mimi.

Mwezi uliopita nilikusikia unaosha vyombo. Kabla ya haya yote ulikuwa huoshi sufuria bila kuimba, jirani walikuwa wanajua tumekula nini kwa wimbo. Siku hiyo nilisikia maji tu na vijiko. Nikarudi kibandani nikamwandikia yule mwalimu wa chuo nikamweleza kila kitu, shapu kwa shapu. Nilitegemea atajibu kwa maneno mazuri, nafasi ipo, kisha nikuletee barua yake kama zawadi na kosa langu nilifunike nyuma yake. Jibu lake lilikuja juzi. Limo ndani ya bahasha hii, lakini ni fupi, nakuandikia lote: "Mama, nimekuelewa. Lakini uliyemkosea si mimi. Mwambie yeye. Akiona anataka kuandika tena, aniletee kazi yake mwenyewe, na nitaisikiliza kama sijasikia kitu." Mtu huyu ningemchukia kama asingekuwa na haki.

Na kuna la jana. Ulipokwenda Kikuyu kumuaga shangazi yako, bendi ilikuja hapa nyumbani. Niliwaambia wote, vijana na wazee. Wale vijana wa tarumbeta walinitazama vibaya, kwa miezi minane wamekuwa wakitaniwa mjini. Mzee Chilongani hakunigombeza. Alisema, "Mama Nyemo, tupe karatasi ya kweli tuione." Nilikuwa nayo. Ile nakala yako ya majaribio, yenye shapu mbili, ilikuwa kwenye boksi la karatasi za kutumia upande wa pili, na migongo miwili nilishachapia matangazo ya nyumba ya kupanga. Elia akaleta kinanda ashike sauti za kwaya.

Tatizo likawa sauti. Upepo ulikuwa unaelekea Kikuyu, na sisi tukipiga wimbo huu kwa desturi yetu ungetusikia ukiwa na kikombe cha chai mkononi, kabla sijakuambia. Ikabidi tupige kwa wizi. Nilijaza kanga mbili kwenye mdomo wa besi. Mzee alivika tromboni sweta lake. Vijana wakaelekeza tarumbeta kwenye magodoro. Mara ya kwanza tukashindwa, ikatoka mikoromo tu, kupiga kidogo ni kazi ngumu kuliko Kibaigwa yote. Mara ya tatu tukaacha kuhema, tukafuata zile alama zako, hapa polepole, hapa polepole zaidi, kama ulivyoandika. Tarumbeta zikaingia.

Nyemo, zinaingia chini ya kwaya kama mtu anayefungua mlango bila kumwamsha mtoto. Sikujua kwamba besi yangu pale haina kelele ya kufanya, inashikilia tu nota moja ndefu wenzake wakiwa wanapita. Nililia nikaharibu nota yenyewe. Elia alisema, "Kwa hiyo ndivyo ulivyokuwa." Mzee Chilongani akavua sweta kwenye tromboni, akaliangalia, akasema amepiga miaka thelathini na leo ndiyo kwanza amejisikia. Kisha akasema, "Huyu mtoto alituandikia sisi, na hatukumpa hata ubeti mmoja."

Mimi nimekuwa mtu wa kwanza kukuvunja moyo, na nimekuwa wa mwisho kuusikia wimbo wako. Ni mzuri, mwanangu. Nakwambia kama mpiga besi, sikwambii kama mama.

Nakala ile nimeiweka kwenye bahasha, na matangazo yake ya nyumba nyuma. Kesho nitakuja stendi. Ukitaka kutonisemesha, usinisemeshe, nitakaa na baba yako tulinde begi. Uhasibu ni kazi nzuri na ada imeshalipwa, sitasema uende wala usiende, nilishakuamulia mara moja na umeona matokeo. Ila ukikaa darasani na kufungua lile daftari la hesabu, ulifungue kwa sababu umelipenda. Usilifungue kwa sababu unajiona mtu asiyeweza kuandikia tarumbeta. Mtu huyo hayupo. Nilimtengeneza mimi, Alhamisi moja mchana, kwa kipanya.

Ule msamaha niliokupa mbele ya watu haukuwa wako. Ukiweza, hata si kesho, naomba unirudishie.

Mama yako